Fimbo ya Kupimia na Fimbo ya Kuchapia

Ndugu walimu, mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini wapewe dawa za minyoo na kichocho. Uganda ilianza kampeni yake ya taifa mwaka 2003. Mtoto husimamishwa kando ya fimbo, kimo chake kikasomwa, akahesabiwa vidonge vya kichocho. Jambo jema hilo, wala hatulibezi. Lakini kupimwa kimo si kupimwa afya. Macho yake nani ameyatazama? Masikio yake nani ameyajaribu? Asiyeona ubao huitwa mjinga. Asiyesikia huitwa mkaidi, kisha hutafutiwa fimbo nyingine. Hiyo ni dhuluma, nasi ndio mikono yake.

Watasema fedha hakuna. Chati ya herufi E, kamba ya mita 6, jicho moja lifunikwe: hata asiyejua kusoma huonyesha kwa vidole upande herufi ilikoelekea. Hilo lagharimu nini?

Basi tudai kila mtoto apimwe macho na masikio aingiapo darasa la kwanza, na mwenye kasoro apelekwe kituo cha afya. Kabla ya hapo, tusimhukumu.