Neno la Mhariri: Ini, Kongosho na Ghala la Mahindi

Katika Meru na Embu, saratani ya ini imezoeleka kuelezwa kwa visababishi viwili: virusi vya homa ya ini aina ya B, na sumukuvu, yaani sumu ya kuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa kabla ya kukauka. Maelezo hayo ni ya kweli, na mkurupuko wa mwaka 2004, uliowaua watu 125 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani, uliifanya sumukuvu iogopwe kote ukanda huu. Hata hivyo, toleo hili linashikilia kwamba maelezo hayo hayatoshi tena, kwa kuwa kisababishi cha tatu hakimo ghalani bali katika damu yenyewe.

Kisababishi hicho ni ini lenye mafuta, hali ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli za ini hulimbikiza mafuta, hata kwa mtu asiyekunywa pombe. Insulini ni homoni ya kongosho inayoziamuru seli zipokee sukari. Misuli inapoikaidi, kongosho huiongeza, na ini, ambalo huipokea kabla ya viungo vingine, huendelea kuitii katika kutengeneza mafuta huku likiikaidi katika kupunguza sukari linayoimwaga damuni. Insulini iliyozidi huhimiza pia seli zigawanyike, ilhali leptini, homoni itokayo kwenye mafuta ya mwili, huchochea makovu, na adiponektini, inayolilinda ini, hupungua kadiri unene unavyoongezeka.

Visababishi hivi havipingani. Sumukuvu huweza kuharibu jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kuzizuia seli zenye kasoro zisizaliane; hivyo, pale breki ilipolegea, homoni inayohimiza ukuaji ni ya kuogopwa zaidi. Aidha, saratani ya ini lenye mafuta huweza kuanza hata kabla ini halijasinyaa kwa makovu, na anayesubiri tumbo lijae maji huwa amechelewa.

Kwa kuwa mwili unaoikaidi insulini ndio unaoelekea kwenye kisukari, kliniki ya kisukari ndiyo mahali pa kulichunguza ini. Makadirio ya makovu yanahitaji umri wa mgonjwa, idadi ya chembe zinazogandisha damu na vipimo vya vimeng'enya viwili vya ini. Wahudumu wa afya wa Meru na Embu wanahimizwa wasimruhusu mgonjwa wa kisukari aende nyumbani akijua kiwango cha sukari yake tu, bila kujua hali ya ini lake.