Bomba Likivuja Ghorofani, Nani Alipe?

Ijumaa moja baada ya sala nilirejea nyumbani Liwatoni nikamkuta jirani wa ghorofa ya chini yangu, bibi mtu mzima, amesimama mlangoni. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba yako yanivujia." Nikashuka naye. Dari ya chumba chake cha kulala ilikuwa na doa kubwa, plasta yamomonyoka, na godoro limesimamishwa ukutani likichuruzika.

Fundi alipovunja ukuta wa choo changu tukaiona sababu. Mifereji yangu ilikuwa mizima. Lililooza ni bomba kuu lishukalo kutoka tangi la juu, ligawalo maji kwa ghorofa zote nne.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Wa ghorofa ya juu akasema kwake hakuna hata tone. Wa chini kabisa akasema yeye ana tangi lake. Mimi nikaambiwa nilipe kwa kuwa bomba limepasukia kwangu, na bibi akaambiwa dari ni yake, ajitengenezee. Siku tisa zikapita kwa maneno, na maji yakizidi kudondoka.

Msomaji mpenzi, bila shaka kisa hiki wakijua. Kisiwa chetu hunywa maji ya mbali. Bomba la Mzima lililokamilika miaka ya 1950 lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Maji hayo hayatoshi, na majumba mengi huongezea maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi nayo hula chuma. Kwa hiyo bomba kuoza si ajabu. Ajabu ni kwamba kila linapooza twaanza upya kuulizana nani alipe.

Sheria imekwisha jibu. Bunge la Kenya lilipitisha mwaka 2020 sheria mpya ya umiliki wa nyumba za ghorofa, ikachukua nafasi ya ile ya 1987. Chini ya sheria hiyo, milki yako huishia kwenye plasta, rangi na vigae vya ndani. Kisichokuwa ndani ya nyumba ya mtu ni mali ya wote: ngazi, paa, tangi, na bomba kuu kama lile letu. Chama cha wenye nyumba ndicho kitunzacho mali hiyo, na kila mwenye nyumba huchangia kwa kadiri ya fungu lake. Mfereji wako na sinki lako ni juu yako. Kwa hivyo haulizwi mtu maji yamedondokea wapi. Huulizwa bomba lamhudumia nani.

Wengine wetu twapenda kusema, "Twendeni kwa Kadhi." Lakini Katiba imempa Kadhi mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, mabomba hayamo. Hata hivyo fikihi yetu haikulinyamazia jambo hili. Imamu Nawawi, katika Minhaj isomwayo na wanavyuoni wa pwani, aliihesabu dari iliyo baina ya mwenye juu na mwenye chini kama ukuta wa majirani wawili: yaweza kuwa ya shirika. Lakini kauli iliyo na nguvu katika madhehebu ya Shafii ni kuwa mshirika halazimishwi kujenga kilichobomoka. Basi mwenye kungoja jirani alazimishwe aweza kungoja sana.

Dawa ya hilo tunayo wenyewe, nayo ni desturi ya wakfu. Nyumba ya wakfu ikitoa kodi, kwanza hutolewa gharama ya matengenezo, ndipo walengwa wagawiwe kilichobaki. Wazee hawakungoja paa lianguke ndipo wapitishe kofia. Walijua kuwa nyumba isiyotengwa fungu la matengenezo yajila yenyewe.

Jumba letu halikuwa na fungu hilo. Kila mwezi tulichanga pesa za bawabu na umeme wa ngazi, tukaona basi. Lau tungaliweka akiba kidogo kidogo, fundi angaliitwa siku ile ile, na pasingalikuwa na haja ya mtu kugombana na mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho tulilipa bomba, wenye nyumba wote, kila mtu fungu lake. Tukapeana mikono, tukaona tumemaliza. Lakini godoro la bibi na plasta yake hakuna aliyevitaja. Bomba lilioza kwa chumvi; lakini siku zile tisa tulizioza sisi kwa ubishi. Haki ya jirani ni kubwa katika dini yetu, na deni hilo, mimi nikiwa wa kwanza, bado twadaiwa.