Usimuulize Shahidi Tarehe Kwanza

Mtu aliyenusurika Vita vya Siku Sita vya hapa Kisangani anaweza kukosea tarehe na bado akawa anasema kweli. Naandika haya kwa sababu, tangu Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoiamuru Uganda, tarehe 9 Februari 2022, iilipe nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, dola milioni 325, majirani zangu wa komine ya Tshopo wamekuwa wakija kwangu, mwalimu mstaafu, niwaandikie maelezo yao ya kudai fidia. Swali linalowatesa kuliko yote ni lile la tarehe.

Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani mara tatu: Agosti 1999, Mei 2000, kisha tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, yalipotuangukia makombora zaidi ya 6,000. Matukio yanayofanana huingiliana kichwani. Mama mmoja wa mtaani kwetu alipoteza mtoto. Leo ananiambia ilikuwa Mei, kesho Juni. Nikaiacha kalenda, nikamuuliza: Mama, siku zile kanisani mlikuwa na shughuli gani? Akajibu papo hapo kwamba kwaya ilikuwa ikijiandaa kwa Pentekoste. Mwaka 2000 Pentekoste iliangukia tarehe 11 Juni. Wengine hutaja sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni, na hao wanasimulia ya Agosti 1999.

Ndivyo ubongo unavyohifadhi mambo. Kinachoingia ni kile tulichokizingatia, tena huingia pamoja na vilivyokizunguka: mahali, harufu, mkono wa mtu uliyemshika. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi huviunganisha, hivyo ukitajiwa kimoja, vingine hufuata. Hofu kali hukaza kilicho mbele yetu na kuyaacha ya pembeni. Aliyejibanza chini ya kitanda na wanawe atakumbuka mlio wa kombora na sombe iliyoungulia motoni. Tarehe hakuwa na haja nayo.

Lakini tusidanganyike, kumbukumbu hubadilika pia, maana kila tunaposimulia tunaijenga upya. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka Januari 1986, watafiti Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Marekani waliwataka wanafunzi waandike, siku iliyofuata, jinsi walivyopata habari. Miaka miwili na zaidi baadaye wengi walieleza mambo tofauti, tena kwa uhakika mkubwa. Kwa hiyo msimuliaji hodari asiaminiwe zaidi kuliko anayesitasita. Ndugu wawili nimewasikia wakisimulia pamoja kibarazani. Kufika jioni, wa pili alishachukua hata maneno ya wa kwanza.

Ndiyo maana nawasihi wanaopokea ushahidi wamsikilize kila mtu peke yake, kabla hajakaa na wenzake kulinganisha habari. Wamwache aseme kwa Kiswahili au Kilingala, lugha aliyolilia siku ile. Kifaransa cha faili kitakuja baadaye. Waanze na alikuwa wapi, na nani, alisikia nini. Wasimwulize kama ni Waganda waliorusha kombora, maana swali la namna hiyo humpandikizia jibu. Sauti yake irekodiwe nzima, pamoja na kusitasita kwake. Na kazi hii ianze mwaka huu, kwa wazee wa pande zote mbili za mto Tshopo.