Uraia wa Wimbo: Remmy Ongala na Mizani ya Pwani

Kila panapozungumzwa watunzi wakubwa wa muziki wa dansi nchini Tanzania, majina mawili hupita bila ya kipingamizi: Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979 kabla hajatimiza miaka 35, na Marijani Rajab wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1995. Jina la tatu ndilo linalozua ubishi. Akitajwa Remmy Ongala, wako wapenzi wa ushairi wa Pwani wanaokunja uso. Husema kwamba alikuwa mgeni, kwamba Kiswahili chake hakikuwa fasaha, na kwamba tungo zake hazina vina wala mizani. Kwao huyo ni mchekeshaji wa jukwaani, si mtunzi.

Hoja hizo tatu huonekana nzito zinapotolewa barazani karibu na bahari. Zikisafirishwa hadi Mpanda, zinapwaya.

Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Reli inayotoka Kaliua hukomea hapo, na ilijengwa wakati wa Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wakonongo, Wabende na Wapimbwe. Mgodi ukaleta vibarua wa makabila mengi, Wasukuma wakafika na ng'ombe wao, na wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wakapewa makazi Katumba na Mishamo. Upande wa magharibi, Karema na Ikola zinatazamana na Kongo, na kati yake ni maji ya Ziwa Tanganyika. Watu wote hao walihitaji lugha moja ya kuuziana, kuposana na kuzikana, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Hawakukirithi kwa nyanya zao wa Lamu wala wa Makunduchi. Walikiokota safarini, wakakitia jasho, kikawa chao.

Remmy Ongala ni mwana wa Kiswahili hicho. Alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika nchi ya Maniema, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akang'ara na Super Matimila. Kwa mtu wa Karema huyo si mgeni, ni jirani wa ng'ambo. Na wanaomhukumu kwa asili yake wakumbuke ni nani aliyewaandikia sheria wanazozishika. Kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, ni kazi ya Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, kwenye ufuo wa ziwa hilo hilo, mji ambao Wamanyema wameukalia kwa vizazi. Pwani ilipokea sheria kutoka ziwani bila ya kuuliza kabila la mwandishi. Mbona inauliza la mwimbaji?

Ama kuhusu vina na mizani, asibebeshwe mtunzi wa wimbo mzigo wa mtunzi wa shairi. Hata tumbuizo za kale zinazonasibishwa na Fumo Liyongo hazifuati kila sharti la shairi la mizani 16 kwa mshororo, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya Liyongo kiti chake. Wimbo wa dansi hupimwa kwa jinsi neno linavyokaa juu ya gitaa, jinsi kiitikio kinavyorudi na maana iliyozidi, na jinsi msikilizaji anavyoondoka nao. Ni haki kukiri kwamba Remmy alirefusha maneno mahali pengine, na kwamba upatanisho wake wa ngeli ungemuudhi mwalimu. Ni haki pia kukiri kwamba kwa gitaa hakumfikia Mbaraka, na kwa kusimulia kisa, kama kile cha Zuwena, hakumpita Marijani. Lakini swali linahusu utunzi, na utunzi kwanza ni kuthubutu kuchagua la kusema.

Hapo ndipo Remmy anapotangulia. Wenzake wengi waliimba mapenzi, na waliyaimba vizuri. Yeye alikikabili kifo ana kwa ana katika wimbo unaobeba jina hilo. Aliimba unyonge wa maskini katika Mnyonge Hana Haki. Na ukimwi ulipokuwa bado ukinong'onwa, alitunga Mambo kwa Soksi, akahimiza kinga waziwazi, na redio ya taifa ikakataa kuupiga. Watu waliucheza hata hivyo, kwa sababu walikuwa wakizika.

Visiwa vinapaswa kuwa vya kwanza kuelewa jambo hili. Siti binti Saad alitoka Fumba, katika familia duni, akasimangwa kwa asili yake na kwa sura yake, akaimba dhuluma za wakubwa wa zama zake. Leo ni fahari ya Unguja, na Shaaban Robert mwenyewe aliona inafaa kumwandikia wasifu. Remmy naye alisimangwa kwa sura, akalichukua tusi hilo na kujiita Sura Mbaya, akaimba juu ya wanyonge. Anayemtukuza mmoja na kumbeza mwenziwe hana mizani mkononi, ana chuki ya bara tu.

Remmy alifariki Desemba 2010. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwakabidhi hati za uraia wakimbizi wa 1972 pamoja na watoto wao, zaidi ya watu 160,000, wengi wao wa Katumba na Mishamo. Dola, pamoja na uzito wake wote, imeweza kusema kwamba aliyeishi hapa, akalima hapa na akazika hapa, ni wa hapa. Walinzi wa ushairi hawajafika huko. Mtoto wa Katumba anafunguliwa diwani darasani na kuambiwa kwamba uzuri wote wa lugha anayoiota usiku ulitungwa mbali naye, na watu wasiofanana naye. Akiamini hivyo, hatatunga. Na Kiswahili kitakuwa kimempoteza mtunzi ambaye jina lake halitajulikana kamwe.

Basi wabishi na wabishane nani awe wa kwanza kati ya hao watatu. Huo ni ubishi wa heshima. Kumtoa Remmy katika orodha si ubishi, ni kumfungia mlango mtu aliyekwisha kaa sebuleni, huku nyumba nzima ikiimba nyimbo zake.