Mtoto wa Mpanda na kasa wa Pemba



Sisi ni wanawake wa visiwani tulioolewa tukaletwa Mpanda. Mmoja alimfuata mume aliyehamishiwa kazi, mwengine alimfuata mume mfanyabiashara wa mpunga. Ukitaka kujua tulivyo mbali na bahari, hesabu safari: garimoshi kutoka Mpanda hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, na mwenye kwao Pemba bado ana safari nyengine. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa hapa. Maji makubwa wanayoyajua ni Ziwa Tanganyika, kule Karema na Ikola. Samaki wao ni migebuka na dagaa. Mnyama wao mkubwa wa majini ni kiboko, anayejazana na wenzake kwenye matope ya mto Katuma wakati wa kiangazi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Jioni moja mtoto wa mwenzetu, wa miaka sita, alikuja na kazi ya skuli: achore kiumbe cha baharini. Akasema atachora kasa, maana bibi yake wa Pemba humhadithia kwenye simu. Akachora kwa bidii. Alipomaliza, kasa wake alikuwa na miguu minne mifupi yenye kucha, amesimama juu ya majani. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mtoto alikuwa amechora kobe. Angechora nini jengine, na kobe ndiye anayemuona uani?

Tangu siku hiyo tumekuwa tukikaa na watoto kila Jumamosi baada ya Alasiri, na rai yetu ni hii: mtoto afundishwe kuchora viumbe vya baharini kwa maumbo mepesi, aanzie kwa mnyama anayemjua, na kila umbo aambiwe kazi yake. Duara na pembetatu bila maelezo zinampa mtoto picha ya kubandika ukutani. Akiambiwa umbo lile lina kazi gani, anakijua kiumbe chenyewe.

Tunaanza na kobe basi. Tunamuuliza mtoto: kobe anakwenda wapi na miguu ile? Nchi kavu. Sasa huyu jamaa yake anaishi baharini, miguu ya nini? Hapo penseli inaanza kazi.

Maumbo tunayatoa jikoni. Yai tunalilaza ubavu, mtoto analitazama kisha anachora mviringo wake: hilo ndilo gamba. Mbele yake duara dogo kama kaimati, hicho ni kichwa. Tunamwambia kwamba kobe akiogopa huvuta kichwa chake ndani, lakini kasa hawezi, kwa hiyo kichwa lazima kionekane. Kisha tunachuma majani ya mwembe. Majani mawili marefu mbele ni mapezi, anayapiga majini kama ndege anavyopiga mbawa. Majani mawili mafupi nyuma ni usukani, na kwa hayo hayo kasa jike hufukua shimo mchangani usiku ili atage mayai. Mwisho pembetatu ndogo kama ncha ya sambusa, huo ni mkia. Ukiwa mrefu sana umechora dume, na dume ni nadra kumuona pwani kwa sababu hapandi nchi kavu kutaga.

Gamba ndilo wanalolipenda zaidi. Katikati tunapanga vigae vitano kwa mstari, na kila ubavu vigae vinne. Mtoto anahesabu mwenyewe. Kasa wa kawaida tunayemuona kwetu ana hesabu hiyo, na ng'amba naye anayo. Mtoto wa miaka sita akishahesabu tano, nne na nne, hamsahau tena.

Karatasi si lazima. Tumechora kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, na kwa kijiti kwenye vumbi la uani.

Kuna mama watasema, "Mimi sijui kuchora." Dada, umepakwa hina siku ya harusi yako, na pengine umewapaka wenzako. Ulichora nini mkononi? Duara, jani, nukta, mstari wa kupinda. Mkeka ulioshona ukili wake umejaa pembetatu. Kofia ya viua uliyomshonea mumeo ni maumbo matupu. Mkono unaoweza hayo unaweza kumchora kasa mmoja kwa mtoto wa miaka sita.

Na kuna watakaosema simu inatosha, maana video za kuchora ni nyingi. Tulijaribu. Watoto wanne walitoka na kasa wanne wenye tabasamu moja na kope ndefu, na hakuna aliyeweza kutuambia kasa anatumia mapezi yale kwa kazi gani. Kuiga mstari wa mtu mwengine si dhambi, ila mtoto akimaliza hana swali, na asiye na swali hajajifunza.

Lipo jambo zito zaidi, nalo ni suala la taswira za viumbe vyenye roho. Hatulikwepi. Wanavyuoni wamekhitilafiana, na zipo hadithi sahihi zinazokataza. Ipo pia hadithi ya Bi Aisha, Allah amridhie, aliyokuwa akichezea wanasesere wake, miongoni mwao farasi mwenye mbawa, na Mtume, rehma na amani zimshukie, akamuuliza kisha akacheka, wala hakumkataza. Kwa hadithi hiyo wapo wanavyuoni walioruhusu vitu vya watoto vya kuchezea na kujifunzia. Sisi tumeufuata upande huo. Mama anayeona uzito anaweza kuacha kichwa bila macho, au akamfundisha mtoto gamba na mapezi peke yake, na bado mtoto atatoka na elimu. Muulize sheikh wako unayemuamini. Ila usifunge mlango kabla ya kuuliza, ukamuacha mtoto anakua bila kujua viumbe Alivyoviumba Mola katika bahari ya mababu zake.

Na hili la kujua si la kupitisha wakati. Machi 2024, Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi ya wengine wakalazwa hospitali. Baadhi yetu tuna jamaa upande ule, na khabari ile tuliipokea huku Mpanda tukiwa hatuna la kufanya ila dua. Allah awarehemu. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu ambayo huioni kwa macho, na kuipika hakuiondoi. Juu ya hilo, kasa analindwa na sheria.

Watoto wetu huenda visiwani kwa Sikukuu na likizo. Wanakula kwa majirani, kwa mashangazi, kwa marafiki wapya wa mtaani, na mtoto wa bara ndiye asiyejua kilichomo chunguni. Hatusemi kwamba mchoro utamkinga na sumu. Tunasema mtoto anayemjua kasa kwa jina, aliyehesabu vigae vyake na akaambiwa "huyu hatumli, na hii ndiyo sababu," amepata onyo ambalo halitoki kichwani. Tumewaambia haya wakiwa na penseli mkononi, wakasikiliza. Tulipowaambia hivi hivi, walikimbilia mpira.

Kwa hiyo tunawaomba mama wa visiwani mlioko bara, Katavi, Kigoma, Tabora na kwengineko: kaeni na watoto nusu saa kwa wiki. Leo kasa, wiki ijayo pweza, nusu duara na mikia minane, na mumwambie kwamba bibi yake alimtafuta kwa kijiti miambani maji yanapotoka. Baadaye pomboo wa Kizimkazi, na mumwambie kwamba yule hunyonyesha mtoto wake na huja juu kuvuta pumzi, kama kiboko wa Katuma.

Na wewe bibi harusi unayefunga sanduku kumfuata mume bara, najua umeshaweka udi, kanga na chetezo. Weka na boksi la kalamu za rangi chini ya kanga zako. Watoto watakuja, inshaallah, na watakuuliza kwenu kukoje.

Yule mtoto wa miaka sita ameshachora kasa mwengine. Ana mapezi marefu, na vigae vyote vimetimia. Bado amemsimamisha juu ya majani. Tulipomuuliza, akasema ni majani ya chini ya bahari, ndiyo chakula chake. Na kweli kasa hula majani ya baharini. Hilo hatukumfundisha sisi, alimuuliza bibi yake kwenye simu.