Chaza Ndani ya Tangi la Kioo na Dhamiri ya Mkristo





Mwamini mmoja, mwenyeji wa huku kwetu Mbulu anayeishi Ulaya, ameniuliza: je, ni dhambi kufuga kiumbe wa baharini nyumbani kwa ajili ya kumtazama tu? Yeye hufuga chaza wakubwa katika tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Kwetu sisi, ambao mito yetu huishia Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, swali hili laweza kuonekana geni. Hata hivyo, linamhusu kila mfugaji na kila mwenye fedha mfukoni.

Tumfahamu kwanza kiumbe mwenyewe. Chaza hawa huishi kwenye miamba ya matumbawe, tangu pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Aina kubwa kuliko zote, isiyopatikana kwetu, hupita urefu wa mita 1 na uzito wa kilo 200. Ndani ya nyama ya chaza hukaa mwani mdogo mno, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo mfugaji hana budi kumpatia taa kali kila siku, maji safi yasiyobadilika joto wala chumvi, na madini ya kujengea gamba. Chaza mchanga hujishikiza mwambani kwa nyuzi. Anayemng'oa kwa nguvu humjeruhi, na huenda akamwua.

Kanisa nalo lamfahamu. Katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, magamba mawili ya chaza hawa ni vyombo vya maji ya baraka.

Sasa jibu. Kufuga kwenyewe si dhambi. Katekisimu, katika namba 2415 hadi 2418, yaturuhusu kuwatumia na kuwafuga wanyama, lakini yatudai wema kwao. Naona mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, chanzo. Biashara ya chaza hawa imewekewa masharti ya kimataifa tangu miaka ya 1980, kwa sababu walivunwa kupita kiasi. Wapo wanaozalishwa na binadamu, kama kule Palau. Anunuliwe huyo, si aliyeng'olewa mwambani.

Pili, uaminifu. Chaza hana sauti ya kulalamika. Umeme ukikatika, au mwenye nyumba akichoka, yeye hufa kimya. Asiye na subira asianze kabisa. Nasi tunaowabebesha punda mizigo isiyo na huruma tusimcheke mwenye tangi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, fedha. Namba 2418 yakataza kumtesa mnyama bila sababu, na papo hapo yaonya tusimtumilie mnyama fedha zinazopasa kwanza kupunguza taabu ya binadamu. Taa, pampu na umeme ni gharama kubwa. Sisi tulioyaona maporomoko ya tope ya Hanang, Desemba 3, 2023, twajua jinsi mkono wa ndugu aliye mbali unavyohitajika.

Kwa maoni yangu, basi, afuge kwa kiasi, baada ya kuwatimizia wazazi na maskini haki yao. Uzuri wa kiumbe ututoe kwetu wenyewe na kutuelekeza kwa Muumba na kwa jirani. Ukitufungia ndani ya nyumba zetu, umekuwa sanamu.

Mungu awabariki nyote.