Elimu ya Mtoto Isipimwe kwa Thamani ya Nyumba

Nchini Marekani, sehemu kubwa ya fedha za kuendeshea shule za umma hutokana na kodi ya majengo na ardhi ya mahali pale pale shule zilipo. Wanaoutetea utaratibu huo husema kwamba mwananchi hutoa kodi kwa moyo mweupe anapoyaona matunda yake karibu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtaa wa vibanda hauwezi kutoa kodi ya mtaa wa majumba, hata wakazi wake wakijikamua namna gani.

Ushahidi upo katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Katika mwaka wa masomo wa 1967/68, wakazi wa Edgewood, wengi wao makabwela wenye asili ya Mexico, walitozwa dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Kiwango hicho kilishinda vyote mjini humo, lakini kiliwapatia dola 26 tu kwa kila mwanafunzi. Majirani zao matajiri wa Alamo Heights walitozwa senti 85, wakapata dola 333. Aliyejinyima zaidi ndiye aliyeambulia kidogo.

Wazazi wa Edgewood walikwenda mahakamani mwaka 1968. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwakatalia, majaji watano dhidi ya wanne. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1989, Mahakama ya Juu ya Texas ilipoubatilisha utaratibu huo, na mwaka 1993 sheria ikazitaka wilaya tajiri kuchangia zilizo maskini.

Mpangaji naye asisahauliwe. Yeye hapelekewi hati ya kodi, lakini mwenye nyumba anaweza kuiingiza katika pango. Kodi ikipunguzwa, pango si lazima lishuke. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliikata kodi hiyo, maana thamani ya nyumba ilikuwa ikipanda kuliko kipato cha wenyewe, hasa wazee. Wenye nyumba walipata nafuu. Wapangaji wengi hawakuiona, hata mji wa Los Angeles ukalazimika kudhibiti pango.

Kodi ya majengo si dhambi. Kosa ni kuifungia katika mtaa ilikotoka. Mapato yakusanywe katika kapu moja, yagawanywe kwa idadi na mahitaji ya watoto, na mnyonge asitozwe kupita uwezo wake. Hakuna mtoto aliyechagua mtaa wa kuzaliwa.